Siku ya Hofu Yangu: Miaka 23 Bila Kupanda Boti

Nilikuwa na miaka tisa. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 nilimsindikiza shangazi hadi bandarini Bukoba, nimembebea kifurushi cha kahawa za kutafuna alizokuwa akiwapelekea wenyeji wake Mwanza. Asubuhi yake MV Bukoba ikapinduka, Mwanza ikiwa karibu kabisa. Mamia ya watu walikufa. Rais Mkapa akatangaza siku 3 za maombolezo, wengi wakazikwa Igoma, na shangazi hatukumpata. Sisi watoto tulisikia barazani yale ambayo hatukupaswa kuyasikia: kwamba meli ilielea chini juu kwa muda mrefu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga.

Kule kugonga ndiko kulikonikaa. Usiku mvua ikipiga bati, nilijua ni wao.

Nikakua hivyo. Mwanza nilikwenda kwa basi, kulizunguka ziwa. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam wenzangu walivuka kwa kivuko kwenda Kigamboni kila wikiendi, na mimi kila Jumamosi nilikuwa na udhuru. Rafiki yangu wa karibu alipofiwa na mama yake huko Kigamboni, nilizunguka kwa daladala kupitia Kongowe, nikafika watu wameshatoka makaburini. Hofu ya siku nyingi mtu huijengea njia zake za kupita, akaishi nayo hata ndugu zake wasijue.

Uswidi ndiko njia zilikoisha. Nilikuwa nimepata kazi Gothenburg, ya kuhudumia wazee majumbani. Mwaka 2019 ratiba ikatoka: kuanzia Septemba, siku tatu kwa wiki, niwahudumie wazee wa kisiwa cha Styrsö. Hakuna daraja la kwenda huko. Unashuka tramu namba 11 pale Saltholmen, unatembea hatua chache, unaingia kwenye boti kwa tiketi ileile. Kwa wenyeji ni daladala ya majini tu. Utakuta watoto wa shule na mabegi yao, na mama ametoka sokoni na mbwa wake.

Wiki ya kwanza nilisema naumwa. Nilidanganya, na baadaye niliungama hilo.

Nikawaeleza wenzangu wa kikundi cha maombi tunachokutana kwa simu kila Ijumaa. Wananipenda, sina shaka. Lakini jibu lilikuwa moja: "Dada, Mungu hakutupa roho ya woga." Ni andiko la kweli, 2 Timotheo 1:7, ila mimi nililisikia kama hukumu. Nikafunga siku tatu, nikakemea, nikaenda Saltholmen, na miguu ikagoma palepale gatini. Nikarudi na mizigo miwili, hofu pamoja na aibu ya kukosa imani. Ukiwa na ndugu wa namna hii, tafadhali usianze na andiko hilo. Muulize kwanza ilianzaje.

Aliyeniuliza mimi ni bibi mmoja wa usharika wa hapa, nesi mstaafu aliyefanya kazi hospitali ya Ndolage ujana wake. (Walutheri wa Uswidi na wa Bukoba ni ndugu wa siku nyingi, askofu wa kwanza kule alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, kabla ya Josiah Kibira kupokea fimbo mwaka 1964.) Nikamsimulia yote, hata kule kugonga, ambako sikuwahi kumwambia mtu. Hakunikemea. Alifungua Biblia yake ya Kiswahili iliyochakaa, Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Akaweka kidole kwenye neno "yangu".

"Mwanangu, anasema ni yake," akaniambia.

Miaka yote nilikuwa nikisubiri hofu iondoke ndipo nijue kwamba naamini. Mwimba zaburi hakusubiri. Alitumaini siku hiyohiyo, moyo ukimwenda mbio.

Tukaanza naye polepole. Jumamosi mbili tulikaa kwenye benchi la gatini tukinywa chai ya chupa, tukitazama boti zikija na kuondoka, basi. Jumamosi ya tatu tukapanda. Alinionyesha kwanza majaketi ya kuokolea yalipo, akanionyesha milango, ndipo tukakaa. Injini ilipounguruma nikamshika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniacha alama. Nikalisema andiko kwa sauti, pumzi moja "siku ya hofu yangu", pumzi ya pili "nitakutumaini Wewe", mpaka Styrsö. Chagua andiko fupi, linalotosha kwenye pumzi. Zaburi nzima huwezi kuikumbuka ukiwa unatetemeka.

Nilikwenda pia kumwona mwanasaikolojia kwenye kituo cha afya. Wapo walioniambia huko ni kumkosea Mungu imani. Sikubaliani nao. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kila nilipoikimbia boti, hofu ilinenepa.

Kuna swali ambalo sikulikwepa, nawe usilikwepe: shangazi naye aliomba. Namjua, alikuwa mwanakwaya. Aliomba kwenye maji yale mpaka mwisho. Isaya 43:2 inasema, "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Kwa miaka mingi sikuweza kuusoma mstari huo bila hasira. Leo nausoma kwa ajili yake kwanza. Naamini hakuwa peke yake mle ndani. Sina maelezo zaidi ya hapo, na sipendi mtu anayekuja nayo haraka haraka.

Novemba upepo ukivuma na giza likiingia saa kumi jioni, viganja vyangu bado vinalowa jasho. Navuka hivyohivyo.

Mama nilimficha mpaka tarehe 21 Mei iliyofuata. Nilimpigia nikiwa ndani ya boti, tumeshaacha gati. Akauliza, "Sauti gani hiyo?" Nikamwambia ni injini. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Basi kaa karibu na mlango, mwanangu," akasema. "Na usikate simu mpaka ufike."