Barua kwa mwanangu: Peralta alikuwa nani?

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliniuliza kwenye simu: huyu Peralta, ambaye jina lake liko kwenye barabara na vyuo vya huko kwenu Oakland, alikuwa nani, na ardhi yote ile ilimponyokaje? Nikasema nitakuandikia.

Luis María Peralta alizaliwa Tubac, mji ambao sasa uko Arizona, mwaka 1759. Alifika California akiwa kijana, pamoja na wazazi wake, katika msafara wa Juan Bautista de Anza wa 1775 na 1776. Walikuwa watu wapatao 240, watoto wakiwemo, na mifugo yao, wakavuka jangwa hadi Monterey. Usidhani wote walikuwa Wahispania watupu. Wengi walikuwa machotara, wengine na damu ya Kiafrika. Akaingia jeshini, akamwoa María Loreto Alviso wa msafara uleule, wakazaa watoto 17, ingawa si wote waliokua. Mwaka 1820, baada ya miaka karibu 40 ya utumishi, gavana wa Kihispania wa California, Pablo Vicente de Solá, akampa Rancho San Antonio, yaani shamba kubwa la mifugo, ekari zipatazo 44,800. Hapo unapokaa ni humo humo, na Berkeley, na Alameda.

Lakini hilo neno "akampa" linanichoma, mwanangu. Ardhi ilikuwa ya Waohlone, wenyeji wa asili wa huko. Na mwaka 1805 Peralta huyohuyo, akiwa sajini, aliongoza askari kuwasaka wenyeji. Watu waliuawa, na wanawake na watoto wakatekwa. Siwezi kukusimulia habari za ukoo wake nikaliruka hilo.

Yeye mwenyewe alibaki San José. Wanawe ndio waliofuga ng'ombe huko. Mwaka 1842 akawagawia: Ignacio, Domingo, Antonio na Vicente. Mabinti hawakupata hata kipande cha rancho. Wawili ambao hawakuolewa, Josefa na Guadalupe, aliwaachia nyumba ya San José kwa wosia, akafariki 1851. Unajua babu yako naye aliwagawia wajomba zako tu, sisi mabinti tukatazama. Hapo ndipo nilipokaa sana nikiwaza.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imeonekana, Marekani imeshika nchi, na wavamizi wamejenga juu ya malisho ya wana wa Peralta. Sheria ya 1851 ikawataka wenye ardhi wathibitishe upya kwamba ni yao. Mahakama Kuu ya Marekani iliwakubalia Domingo na Vicente mwaka 1856, lakini hati yao ilitoka 1877, na ya Antonio 1874! Domingo na Vicente walikuwa wamekwisha kufa. Na miaka yote hiyo mawakili walilipwa, kodi ikadaiwa, ardhi ikauzwa kipande kwa kipande. Hata madai ya dada zao yakafika mahakamani.

Nyumba aliyoijenga Antonio mwaka 1870 bado ipo Fruitvale. Wapeleke wajukuu zangu Jumamosi moja, na ukifika unipigie.

Mama yako