Gesi ya AC haiishi: video ya sekunde 52 iliyonipa kazi

Juma lililopita kijana mmoja wa Ukunda aliniandikia saa sita za usiku. Ni fundi wa AC na friji kama mimi, ana miaka miwili kazini. "Kaka, nimeweka video arubaini. Laiki ziko, kazi hakuna. Wewe ulifanyaje?" Nilianza kumjibu kwenye simu, maneno yakazidi, nikaona heri niyaandike hapa. Najua si yeye peke yake. Wengi wenu mnaonisoma mko hivyo hivyo: mkoba mmoja wa vyombo, simu moja, na hamu ya kufika mbali.

Nilitoka karakana ya watu Aprili 2019. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka sita, na cheti cha Gredi ya Pili cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, nilikuwa nacho. Siku ya kuaga, tajiri wangu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba nitarudi kabla kusi haijaisha. Mtu wa Mombasa anaelewa uzito wa maneno hayo. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto halilaliki na kila mwenye AC anamtafuta fundi. Aprili mvua zikinyesha na kusi ikishika, watu hufungua madirisha na simu ya fundi hulala. Sikurudi. Lakini maneno yale yalinikaa moyoni, na sitadanganya, mpaka leo yamo.

Miaka miwili ya mwanzo naipita. Korona ilifunga mahoteli, nikaishi kwa kutengeneza friji za majirani hapo Majengo, basi.

Video zangu za wakati ule zilikuwa kama za huyu kijana. Ovaroli safi, muziki, mimi na drili ukutani. Marafiki walisifu. Hakuna aliyenipigia.

Kisha, kaskazi ya 2021, niliitwa kwa bibi mmoja Kibokoni, kwenye zile nyumba za Mji wa Kale ambazo ngazi zake ni nyembamba mpaka unapanda ubavu ubavu. AC yake ilikuwa imejazwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kila fundi alikuja akamwambia "mama, gesi imeisha," akajaza, akachukua pesa, akaenda zake. Nilichovya sifongo kwenye maji ya sabuni nikapaka nati ya shaba kwenye ile mashine ya nje. Povu likatulia. Halafu pembeni mwa nati kikatoka kipovu kimoja, kikavimba polepole kama bunju aliyechokozwa, kikapasuka, na kingine kikaanza pale pale. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, leso kichwani. Akauliza, "Yaani mwanangu, pesa zangu zote zilikuwa zikipitia hapo?"

Mpwa wangu ndiye aliyeshika simu. Nikageuka nikasema kile ambacho mafundi wengi hawapendi kisemwe: gesi ya AC haiishi kama gesi ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mwaka nenda mwaka rudi. Ikipungua, imevuja. Anayekujazia bila kutafuta panapovuja anakuuzia upepo. Video nzima, sekunde 52. Uso wa bibi hatukuuonyesha, sauti yake tu, kwa ridhaa yake.

Siku ya tatu nikapigiwa na mama mmoja wa Nyali anayesimamia fleti 9 za kukodisha kwa wageni, wenyewe wako Nairobi na Dubai. Video ilikuwa imemfikia kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Hakuniuliza bei kwanza. Aliniuliza, "Wewe ndiye yule wa povu?"

Na tajiri wangu wa zamani naye akapiga. "Unawafunza watu kazi, wewe utakula nini?" Jibu sikulipata siku ile. Leo ninalo. Mwenye nyumba hataki kushika spana. Anataka kujua nani hatamwibia. Ukimfunza jambo moja la kweli, amekujua kabla hujabisha hodi.

Kwa hivyo, kijana wangu, funza. Waonyeshe wanaoishi karibu na bahari jinsi chumvi inavyokula yale mapezi ya alumini ya mashine ya nje, na kwamba kuyasuuza kwa maji matamu mara kwa mara kunaongeza umri wa mashine. Waambie kwamba AC ya kawaida, isiyo ya inveta (ile inayopunguza kasi yenyewe), haipoozi haraka zaidi ukiiweka nyuzi 16, inakaa tu ikifanya kazi bila kupumzika. Waeleze wenye mashine za zamani kuhusu R22, gesi iliyomo ndani yake: chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 gesi hiyo inaondolewa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi kama yetu mwaka uliowekwa ni 2030, basi mtu afikiri vizuri kabla ya kutengeneza mashine kama hiyo kwa gharama kubwa. Hayo yote unayajua. Kwako ni mambo ya kila siku, kwa mwenye nyumba ni hazina. Mimi hurekodi wakati wa kusi, simu ikiwa imelala, na kaskazi ikiingia naziachia moja moja.

Lakini video peke yake haitoshi. Kila kazi yangu kubwa imepita kwa mtu. Fundi umeme huingia kwenye nyumba kabla yangu, fundi bomba vile vile, na mlinzi wa getini anajua fleti gani imelala na joto jana. Jioni nyingi niko kwenye kahawa chungu na kashata na watu hao. Siwapi asilimia, nawapa kazi. Mteja wangu akitaka fundi bomba, namtaja mtu kwa jina, na nikifika nyumbani namuuliza kama alifika. Watu husahau hapo kwenye kuuliza.

LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, nilifungua mwaka huo huo wa video ya povu, na wenzangu wakaniambia pale ni pa watu wa tai. Wakuu wa matengenezo wa mahoteli wako pale. Niliweka video ile ile ya povu, nikaandika chini yake maneno machache, na mkuu mmoja wa Bamburi akauliza swali. Nilimjibu, kisha nikaenda kumwona nikiwa na karatasi zangu: cheti cha NITA, PIN ya KRA ya kodi, jina la biashara nililosajili eCitizen, na kibali cha kaunti. Hoteli haimlipi mtu asiye na karatasi, hata angekuwa na wafuasi laki. Mwezi uliopita wamenipa mkataba wa mwaka mzima. AC 60. Nilipotoka getini nilisimama kando ya barabara nikampigia mamangu.

Sasa la uchungu. Mwenye jengo mmoja aliniita kwa sababu ya video hizo hizo. AC 14, kuosha zote kwa 3,000 kila moja, na kapasita 6, vile vifaa vya kuwashia mota, za 2,000. Jumla 54,000. Alinisifu sana, nami nikaona haya kudai maandishi. Nilimaliza kwa siku nne. Hakulipa. Nilienda mara saba. Mara ya mwisho aliniambia, "Lakini si nimekutangaza kwa watu?" Kapasita nilikuwa nimezikopa dukani, na deni lile nililipa mimi mwenyewe, kidogo kidogo, hadi Septemba. Tangu siku hiyo ngazi yangu haiegemei ukuta wa mtu kabla ya bei kuandikwa na nusu kuingia kwenye Till yangu ya malipo ya simu. Ndugu yangu, usione haya. Sifa hazinunui kapasita.

Na wewe wa Ukunda, uko mgongoni mwa Diani, nyumba za kukodisha zimepangana ufuoni na chumvi haipumziki hata siku moja. Toa muziki. Tafuta mashine moja iliyoliwa, weka kidole kwenye pezi lililooza, sema kimefanyika nini na kingezuiwaje. Isizidi dakika. Ukimaliza nitumie, nitaiweka kwenye stetasi yangu pamoja na nambari yako. Wateja wangu wawili wana nyumba upande huo, na mimi kivuko cha Likoni kila wiki kinanichosha.