Jibu: Utaionaje ishara ya Mungu mambo yakikuzidi

Bwana asifiwe, dada. Umesema mama amelazwa, ada inadaiwa, na ukiomba unasikia kimya. Unauliza uaminifu wa Mungu uutafute wapi.

Kwanza, umekula? Umelala? Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya aliomba afe, na kabla Mungu hajamuuliza lolote, malaika alimletea mkate na maji, mara mbili, na kati ya mara hizo Eliya akalala tena. Hivyo usiruke vitu vidogo. Mume wangu alipougua hapa Uyole, Mbeya, niliyoyaona hayakuwa uponyaji wa ghafla. Jirani alinichimbia viazi bila kuombwa. Mama mmoja wa jumuiya alileta mkaa baridi ya Juni ilipobana, na sikuwa nimemwambia mtu kwamba umeisha!

Nikawa naandika jambo moja kila jioni kwenye daftari. Jioni nisiyopata la kuandika, nilisoma ya nyuma. Asafu, mtunzi wa zaburi, naye kwenye Zaburi ya 77 anauliza wazi kama Mungu amesahau fadhili zake, ndipo anakumbuka matendo ya zamani. Kwa hiyo lalamika tu, usiogope.

Kwa nini yamekupata yote kwa pamoja, sijui. Ila suala la ada lipeleke jumuiyani wiki hii, ulitaje kabisa.