Maswali yenu: Zamu za Desemba na pensheni za Japani

Safari iliyopita niligusia Japani, ambako kama watu 29 katika kila 100 wametimiza miaka 65 na deni la serikali limepita mara mbili ya pato la taifa. Nikasema serikali yao inataka wanawake wafanye kazi zaidi, ili nao wachangie pensheni za wazee hao. Maswali yakamiminika.

Shikamoo. Ulisema serikali yao inataka wanawake wafanye kazi. Kwani hawafanyi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Wanafanya, tena wengi. Shinzo Abe, aliyekuwa waziri mkuu, alipolivalia njuga jambo hili mwaka 2013, wenye kazi walikuwa kama 60 katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 64. Sasa wamepita 70. Ila zaidi ya nusu ya walioajiriwa hawana ajira ya kudumu: ni vibarua wa saa chache au watu wa mkataba. Mshahara mdogo, mchango wa pensheni mdogo.

Si waongeze saa? Nani kawazuia? (Msomaji, Nakuru)

Sheria yenyewe. Mke wa mwajiriwa ambaye kipato chake hakifiki yen 1,300,000 kwa mwaka kwa kawaida huhesabiwa tegemezi. Hachangii pensheni wala bima ya afya, na uzeeni pensheni ya msingi anaipata. Utaratibu huo wa pensheni ni wa tangu 1986, enzi ya baba kazini na mama jikoni.

Sasa mchukue mama anayeuza mikate kwenye duka dogo. Akiishia 1,290,000, yuko salama. Akijitutumua hadi 1,310,000, pensheni peke yake inamkata zaidi ya yen 17,000 kila mwezi, yaani zaidi ya 200,000 kwa mwaka, na bima ya afya bado. Jasho limezidi, mkoba umepungua! Basi Novemba anashika kalamu, anajumlisha saa zake, kisha anamwomba bosi ampunguzie zamu za Desemba, mwezi ambao wateja wamefurika. Bosi analia hana watu, hazina inalia haina michango, na mama mwenye nguvu zake yuko nyumbani anakunja nguo. Mimi simlaumu. Hesabu yake ni sahihi.

Wapandishe kodi basi. (Msomaji, Kigoma)

Wameshapandisha. Kodi ya matumizi, ile anayolipa mnunuzi dukani, ilianza na asilimia 3 mwaka 1989. Tangu Oktoba 2019 ni 10, chakula 8. Sehemu ya nyongeza hiyo ya mwisho ndiyo iliyolipia chekechea bure kwa watoto wa miaka 3 hadi 5.

Mwanangu, wanawake wote wakienda kazini, watoto watazaliwa lini? Na wazee watamwachia nani? (Mzee wenu, Unguja)

Shikamoo mzee wangu. Italia ni miongoni mwa nchi za mkiani Umoja wa Ulaya kwa wanawake wenye ajira, na bado uzazi wao ni kama watoto 1.2 kwa kila mwanamke, hawapishani na Wajapani. Kukaa nyumbani hakujawaletea watoto.

Kuhusu wazee, zamani mzigo ulikuwa wa mkaza mwana. Tangu Aprili 2000 kuna bima ya kuwatunza: anayefika miaka 40 anachangia, na mhudumu huja nyumbani kumwogesha mzee, au gari la kituo humchukua asubuhi likamrudisha jioni. Lakini ni hadi jioni tu; usiku mzigo unabaki kwa familia. Kila mwaka watu kama 100,000 huacha kazi kwa ajili ya kumuuguza mzazi au ndugu, na wengi wao ni wanawake.