Kisu cha mfukoni cha bei nafuu kisichotia hasara

Kama unataka kisu cha kukunja kisichokutia hasara, mimi ningeanza na Opinel namba 8 ya Ufaransa. Ubapa wake una sentimita 8.5, mpini ni wa mti, na shingoni kuna pete ya chuma unayoizungusha ili kisijifunge kwenye vidole. Cha chuma cha kaboni hunoleka upesi, ila ukikata limau ukasahau kukifuta, kesho utakikuta na madoa. Kama ni mvivu wa kufuta (wengi wetu), chukua kisichoshika kutu. Mpini ukilowa huvimba, kisu kikagoma kufunguka. Kiache tu kikauke kivulini.

Ukihitaji na mkasi, basi Victorinox ndogo, kisu cha Uswisi chenye vifaa kadhaa. Vile visivyo na jina, vyenye vifaa ishirini kwa bei ya kutupa, achana navyo. Ukikipata kisu unachotaka dukani, kifungue, bana mgongo wa ubapa kwa vidole viwili, utikise kulia na kushoto. Ubapa ukicheza, kirudishe.

Na pesa iliyobaki nunua kinoo. Kisu butu hulazimisha kukandamiza, na hapo ndipo kinapoteleza.