Visanamu vya Mifupa vya Meksiko: Je, ni Uchawi?

SWALI: Mhariri, mwalimu wa binti yangu alirejea kutoka Meksiko na kumzawadia kisanamu cha kiunzi cha mifupa, kilichovaa kofia pana na kushika gitaa. Mama mkwe wangu hataki kukiona sebuleni, kwani anaamini ni kitu cha kichawi. Watu wa huko hukitengeneza kwa ajili gani?
Msomaji, Kalenga, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, hofu ya mama mkwe wako naiheshimu, kwa sababu kwetu mifupa ya binadamu haichezewi, na ninyi wa Kalenga mnalijua hilo kuliko wengi, mkiwa majirani wa makumbusho yanayotunza fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani, ambalo kurudishwa kwake kuliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na likafika nyumbani mwaka 1954 tu.

Kisanamu cha binti yako, hata hivyo, hakina mfupa wa mtu. Mafundi wa Meksiko huvifinyanga kwa udongo, kama wafanyavyo wa Capula katika jimbo la Michoacán, au hubandika vipande vya karatasi kwa gundi ya unga wa ngano juu ya umbo la waya au matete, wakaviacha vikauke, ndipo wakavipaka rangi nyeupe na kuchora meno, mbavu na mavazi.

Huonekana zaidi tarehe 1 na 2 Novemba, siku ambazo Wakatoliki wa Tosamaganga nao huadhimisha Watakatifu Wote na kuwaombea Marehemu Wote. Familia za Meksiko huandaa nyumbani meza yenye picha ya marehemu, mishumaa, maua ya rangi ya chungwa na chakula alichokipenda. Kwa desturi, watoto waliofariki hukumbukwa siku ya kwanza na watu wazima siku ya pili. UNESCO iliitambua desturi hiyo mwaka 2008.

Ninalolipenda mno katika sanaa hii ni kwamba marehemu haonyeshwi akiwa amelala kaburini, bali akiwa kazini au katika furaha yake: mshona viatu na sindano yake, bibi harusi na shela lake, mpiga gitaa kama huyo wenu. Tajiri naye huchongwa mifupa mitupu. Mchoraji José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913, alichora fuvu la mwanamke mwenye kofia ya fahari ili kuwasuta waliojifanya wakubwa, na mwaka 1947 Diego Rivera akampa mwanamke huyo mwili mzima na gauni katika picha yake kubwa ya ukutani.

Mweleze mama mkwe wako hayo kwa utaratibu. Moyo wake ukikataa bado, kiwekeni chumbani kwa binti, maana mzee hapaswi kukosa raha nyumbani kwake kwa sababu ya pambo. Ila msikichome wala kukitupa, kwa kuwa ni kazi ya mikono iliyofanywa kwa heshima ya wafu.