Siku 3 za baba: nimwambie nini mbunge?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nimejifungua juzijuzi kwa operesheni, mume wangu dereva wa lori kampuni moja hivi wakampa siku 3 tu, mbili zimeishia mi bado niko wodini, ya tatu tumefika nyumbani jioni na kesho yake saa 11 alfajiri huyoo kazini. Mi ndoo siwezi kunyanyua, mkubwa wangu wa miaka 4 ndo alikuwa ananichotea maji kwa kopo, kopo moja moja mpaka beseni lijae la kumuogeshea mdogo wake. Mama yuko Songea alifika baada ya wiki. Sasa mbunge anakuja kusikiliza kero, najua watu watasema barabara na maji, nikisimama na likizo ya baba si watanicheka? Na nisemeje?
Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera na pole. Wacheke tu, wengi wao wake zao wamepitia hayohayo.

Kwanza jua kwamba mwajiri hajamdhulumu mumeo, ndo sheria ilivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za malipo, mapacha siku 100, halafu baba angalau siku 3 na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Aliyeandika hiyo 3 sijui alimfikiria nani, maana mama wa operesheni siku ya tatu hata kukohoa anashika mto tumboni. Wenzetu Kenya baba anapata wiki 2, na sheria yao ni ya 2007.

Kwa hiyo ukishika maiki usiseme "tusaidieni wanawake", atakujibu serikali ni sikivu, watapiga makofi imeisha hiyo. Muulize kitu kimoja: mheshimiwa, Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka Juni, utamuuliza waziri wa kazi lini siku 3 zitaongezwa? Swali bungeni halina gharama na linaingia kwenye hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ukimkosa kwenye hansadi una la kumuuliza akirudi. Akikwambia sheria haibadiliki, mkumbushe suala la watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Akina Doris Mollel, mtetezi wa watoto njiti, na wengine wamelipigia kelele miaka, mpaka 2025 sheria ikarekebishwa, mama aliyejifungua njiti anaongezewa muda mpaka zile wiki 40 za mimba zitimie. Ni sheria hiihii.

Na mumeo naye asikae kimya, asimame hapohapo na wewe, mwanaume akisema mwenyewe "nilimwacha mke wangu na mshono" hakuna wa kucheka. Pia hilo neno "angalau" ni lenu, kampuni inaruhusiwa kutoa zaidi, kama kazini kwao kuna chama cha wafanyakazi walete hilo kwenye mkataba wa hali bora, yale makubaliano ya chama na mwajiri, huko hamna haja ya kusubiri Dodoma.

(Mama lishe na bodaboda wanaonisoma najua mnaguna, nyie hata hizo 3 hamna. Niandikieni, hilo nataka nilichambue peke yake.)

Ila ndoo mwanangu, mtafute binti wa jirani akuchotee mpaka mshono ukauke. Hilo halisubiri mbunge.